Namba tasa tatu badala ya mbili: mwongozo wa kuharakisha sahihi za RSA kwenye kompyuta ndogo

Jioni pale Mtaa wa Kongo, Kariakoo, viroba vya vitenge vinakazwa kamba huku maguta yakisubiri kuvipeleka Stendi ya Magufuli, Mbezi. Kila kiroba kinabandikwa karatasi yenye msimbo wa QR. Ndani ya msimbo huo mna maelezo ya mzigo pamoja na sahihi ya kidijiti, ili wakala wa Tunduma au Kigoma aelekeze simu yake na kujua papo hapo kama karatasi ni ya kweli au ya kughushi, hata kama hana bando. Sahihi zote zinatoka kwenye kompyuta moja ya ukubwa wa kiganja, iliyofungwa chini ya meza ya duka.

Tulipohama kutoka ufunguo wa biti 2048 kwenda wa biti 3072, kompyuta ile ilielemewa.

"Shikamoo mama," nilimsalimia mwenye duka siku moja, nikaona uso haujakunjuka.

"Marahaba. Mwanangu, hicho kimashine chako kimelala tena?"

"Hakijalala mama, kinasaini."

"Basi kiambie kisaini upesi. Guta la pili limeshajaa na karatasi hazijatoka."

Alikuwa na haki ya kulalamika. Kurefusha ufunguo mara moja na nusu huongeza kazi ya kusaini zaidi ya mara tatu, kwa sababu kazi hiyo hukua kwa kipeo cha tatu cha urefu. Kubadilisha programu kwenye simu za mawakala wa mikoani kungechukua miezi, na simu hizo zinaelewa RSA tu, ule mfumo wa sahihi nitakaoueleza hapa chini. Kwa hiyo tulibadilisha kitu ambacho wakala hakioni kabisa: ufunguo tukaujenga kwa namba tasa tatu badala ya mbili. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kufanya hivyo, na mahali ambapo usithubutu kufanya hivyo.

Kwanza, wazo lenyewe. Rivest, Shamir na Adleman walipobuni RSA mwaka 1977, walizidisha namba tasa mbili kubwa, p na q, wakapata namba n inayotangazwa kwa watu wote. Anayejua p na q anaweza kusaini na kufungua. Asiyezijua ana n tu, na kuichambua n irudi kuwa p na q ni kazi isiyowezekana kwa ukubwa unaotumika leo. Hesabu yenyewe hailazimishi namba tasa ziwe mbili. Zikiwa tatu au nne, zote tofauti, kila kitu kinafanya kazi vilevile. Wazo hilo lilipewa hataza Marekani mwaka 1998, kisha likaingia kwenye kanuni rasmi ya PKCS #1 toleo la 2.1, iliyochapishwa kama RFC 3447 mwaka 2003. Bado limo kwenye RFC 8017 ya mwaka 2016. Si mchezo wa pembeni, ni sehemu ya kanuni.

Hatua ya 1: Hakikisha foleni yako iko upande wa siri

Namba tasa za ziada zinaharakisha kazi mbili tu: kusaini, na kufungua ujumbe uliosimbwa. Kuhakiki sahihi na kusimba ujumbe hakubadiliki hata kidogo, kwa sababu anayehakiki ana n na kipeo cha umma, e, peke yake, wala hana njia ya kujua n imejengwa kwa namba tasa ngapi. Na sahihi yenyewe haipungui ukubwa: kwa ufunguo wa biti 3072 ni baiti 384, ziwe namba mbili au tatu. Kama msimbo wako wa QR umejaa mno, dawa yake haimo humu.

Jiulize pia swali hili kwa unyofu: je, umefungwa kwenye RSA kweli? Kama unaanza upya na simu zote ziko mikononi mwako, tumia Ed25519, mfumo mwingine wa sahihi. Inasaini haraka zaidi, sahihi yake ni baiti 64 tu, na hutahitaji kusoma zaidi ya hapa. Njia ya namba tasa tatu ni ya mtu aliyekuta RSA imeshatandazwa kila mahali na hawezi kuing'oa.

Hatua ya 2: Fanya hesabu moja kwa mkono

Usiruke hatua hii. Chukua daftari na kalamu. Watu wengi wanatumia funguo hizi kama uchawi, na siku kitu kikiharibika hawajui waanzie wapi. Hesabu ya shule ya msingi inatosha: namba tasa, baki, KDS (kigawe kidogo cha shirika) na KKS (kigawo kikubwa cha shirika).

Tuchukue namba tasa tatu ndogo: 11, 19 na 23.

n = 11 × 19 × 23 = 4807

Sasa punguza moja kutoka kila namba: 10, 18 na 22. KDS yake ni 990. Hapa ndipo wengi hukosea wanapohama kutoka namba mbili: wanasahau kuiingiza ile ya tatu, na ufunguo wao unatoa majibu ya ajabu.

Chagua kipeo cha umma e = 7. Kipeo cha siri d ni ile namba ambayo ukiizidisha na 7 kisha ukagawa kwa 990, baki ni 1. Ni 283, kwa kuwa 7 × 283 = 1981, na 1981 ni 990 mara mbili jumlisha 1.

Tuufiche ujumbe 255, namba ya simu ya nchi yetu. Pandisha 255 kwa kipeo cha 7, gawa kwa 4807, chukua baki: unapata 4682. Hii ndiyo namba inayosafiri.

Kuifungua kwa njia ndefu kungekuwa kupandisha 4682 kwa kipeo cha 283 na kugawa kwa 4807. Hatufanyi hivyo. Tunaigawa kazi mafungu matatu, kila namba tasa na fungu lake:

Kwa 11: 4682 inabakiza 7, na 283 ikigawanywa kwa 10 inabakiza 3. Kwa hiyo 7 kwa kipeo cha 3 ni 343, baki yake kwa 11 ni 2.

Kwa 19: 4682 inabakiza 8, na 283 ikigawanywa kwa 18 inabakiza 13. Pandisha 8 kwa kipeo cha 13, baki yake kwa 19 ni 8.

Kwa 23: 4682 inabakiza 13, na 283 ikigawanywa kwa 22 inabakiza 19. Pandisha 13 kwa kipeo cha 19, baki yake kwa 23 ni 2.

Tazama jinsi namba zilivyopungua. Vipeo vimekuwa 3, 13 na 19 badala ya 283, na hakuna pahali tulipogusa namba kubwa kama 4807. Hapo ndipo kasi inapotoka.

Bado tuna vipande vitatu: 2, 8 na 2. Tunavishona hivi. Anza na 11 na 19. Tunatafuta namba inayobakiza 8 kwa 19 na 2 kwa 11. Kinyume cha 19 kwa 11 ni 7, kwa sababu 19 × 7 = 133, na 133 ikigawanywa kwa 11 inabakiza 1. Chukua 2 − 8 = −6, zidisha kwa 7 upate −42, ambayo kwa baki ya 11 ni 2. Kisha 8 + 19 × 2 = 46.

Sasa ingiza 23. Zidisha 11 × 19 = 209. Kinyume cha 209 kwa 23 ni 12. Chukua 2 − 46 = −44, ambayo kwa baki ya 23 ni 2; zidisha kwa 12 upate 24, baki yake ni 1. Mwisho: 46 + 209 × 1 = 255.

Ujumbe umerudi. Ile 12, yaani kinyume cha 209, iweke akilini. Kwenye faili halisi la ufunguo utaikuta ndugu yake, na kila namba tasa ya ziada huja na kinyume chake.

Hatua ya 3: Amua idadi, na usiwe mlafi

Kwa nini kugawa kunasaidia hivyo? Ukiikata namba nusu, kazi ya kila nusu inakuwa moja ya nane. Nusu ziko mbili, basi jumla ni robo. Huo ndio ujanja wa Quisquater na Couvreur wa mwaka 1982, na karibu kila maktaba ya programu ya RSA inautumia hadi leo kwa namba tasa mbili. Ukikata mara tatu, kila kipande ni moja ya ishirini na saba, vipande vitatu, jumla ni moja ya tisa. Kutoka robo kwenda moja ya tisa ni mara 2.25. Ukikata mara nne unafika moja ya kumi na sita, mara nne ya ile ya namba mbili. Hapo ndipo mtu anapotamani kuendelea: kwa nini nisikate mara nane?

Kwa sababu adui naye ana njia mbili. Ya kwanza huishambulia n yote kwa pamoja, na ugumu wake unategemea urefu wa n. Kwa njia hiyo, mwezi Februari 2020 watafiti waliichambua RSA-250, namba ya biti 829. Haijali una vigawo vingapi. Ya pili inatumia mikunjo ya duaradufu, aliyoibuni Hendrik Lenstra miaka ya 1980, na ugumu wake unategemea ukubwa wa kigawo kidogo kuliko vyote. Mwaka 2013 njia hiyo ilipata kigawo chenye tarakimu 83. Kila unapoongeza namba tasa bila kurefusha n, unampunguzia kazi anayetumia njia hii ya pili.

Kwa hiyo kanuni ninayoifuata ni moja: kigawo kidogo kisiwe kiungo dhaifu kuliko n yenyewe. Biti 3072 kwa namba tatu zinatoa namba tasa za biti 1024, zenye tarakimu 309. Ni mbali sana na 83, na ndiyo maana nimelala usingizi. Biti 2048 kwa namba tatu zinatoa takriban tarakimu 206 kila moja, nayo ni salama kwa njia hiyo. Biti 2048 kwa namba nne, tarakimu 155: siipendi, na OpenSSL, programu tutakayoitumia kutengeneza ufunguo, nayo haikuruhusu. Imejiwekea mipaka: chini ya biti 1024 namba mbili tu, kuanzia 1024 hadi 4095 mwisho tatu, kuanzia 4096 hadi 8191 mwisho nne, na kuanzia 8192 mwisho tano. Usitafute njia ya kuizunguka mipaka hiyo.

Namba tasa ziwe na urefu sawa. Kuweka moja fupi ili upate kasi zaidi ni kumwachia mwizi dirisha.

Na kompyuta za kwanta? Zikifika na nguvu ya kutosha, njia ya Shor itavunja RSA ya namba mbili na ya namba tatu bila kubagua. Usiingize hoja hiyo kwenye uamuzi huu.

Hatua ya 4: Tengeneza ufunguo

Unahitaji OpenSSL 1.1.1 ya mwaka 2018 au toleo jipya zaidi. Kabla ya hapo uwezo huu haukuwemo. Angalia kwanza:

openssl version

Kisha:

openssl genpkey -algorithm RSA -pkeyopt rsa_keygen_bits:3072 -pkeyopt rsa_keygen_primes:3 -out siri3.pem

Utaona inamaliza mapema kuliko ulivyozoea, maana namba tasa ya biti 1024 inapatikana upesi kuliko ya biti 1536.

Onyo kuhusu mahali pa kuuzalisha. Mwaka 2012 makundi mawili ya watafiti yalikusanya funguo za umma kutoka intaneti na kukuta maelfu kwa maelfu zina kigawo kinachofanana. Wengi wa wahanga walikuwa vifaa vidogo vilivyotengeneza ufunguo mara tu vilipowashwa, kabla havijakusanya unasibu wa kutosha. Funguo mbili zikishirikiana namba tasa moja, KKS ya n zao inaifichua kwa sekunde moja. Kompyuta yangu ndogo ni wa ukoo huohuo wa vifaa. Kwa hiyo niliuzalisha ufunguo kwenye kompyuta mpakato niliyokuwa naitumia tangu asubuhi, nikauhamisha kwa waya, si kwa WhatsApp wala barua pepe.

Sasa kagua:

openssl pkey -in siri3.pem -check -noout

openssl pkey -in siri3.pem -noout -text

Amri ya pili inamwaga kila kitu kwenye skrini, kwa hiyo hakikisha hakuna aliyesimama nyuma yako. Mstari wa juu utataja 3072 na "3 primes". Shuka chini hadi mwisho, utakuta prime3, exponent3 na coefficient3. Ya kwanza ni ile 23 yetu ya daftarini. Ya pili ni ile 19, yaani baki ya kipeo cha siri. Ya tatu ni ile 12. Mimi nilipoziona mara ya kwanza nilifurahi kama mtu aliyekutana na jirani yake ugenini.

Toa upande wa umma:

openssl pkey -in siri3.pem -pubout -out umma3.pem

Fungua umma3.pem utafute dalili yoyote ya namba ya tatu. Haimo. Ni n na e, basi. Faili hili ndilo linalokwenda kwenye simu za mawakala, na simu hazitajua kitu kimebadilika.

Hatua ya 5: Saini, hakiki, kisha pima

openssl dgst -sha256 -sigopt rsa_padding_mode:pss -sign siri3.pem -out mzigo.sig mzigo.txt

openssl dgst -sha256 -sigopt rsa_padding_mode:pss -verify umma3.pem -signature mzigo.sig mzigo.txt

Ukiona "Verified OK", umefika. Badilisha herufi moja ndani ya mzigo.txt urudie amri ya pili, lazima ikatae. PSS ni mtindo wa kuujaza ujumbe kwa unasibu kabla haujasainiwa, na usiuache kwa sababu yoyote. RSA tupu, kama ile ya daftarini kwetu, ni ya kujifunzia.

Kupima kasi ni mistari miwili, ya zamani na mpya, kwenye kompyuta ileile itakayofanya kazi:

openssl speed rsa3072

openssl speed -primes 3 rsa3072

Linganisha safu ya kusaini. Kwenye ile kompyuta ya chini ya meza faida haikufika 2.25, ilisogelea mara mbili. Kushona vipande kuna gharama yake, na kuna kazi nyingine ndogondogo ambazo hazipungui. Mara mbili ilitutosha.

Usikope matokeo yangu. Kwenye prosesa za x86 za biti 64, OpenSSL ina msimbo uliochongwa mahsusi kwa moduli (namba ya kugawia) za biti 512 na 1024. Ufunguo wa biti 2048 wa namba mbili unatua sawasawa kwenye ile ya 1024, lakini ukiukata mara tatu unapata vipande vya biti 683 visivyo na njia ya mkato, na faida uliyoitarajia inaweza kuyeyuka. Wa biti 3072 kwa namba tatu unatua penyewe. Kipimo cha mashine yako ndicho cha kuaminiwa.

Hatua ya 6: Jaribu kila mahali ufunguo wa siri utakapokaa

Hapa ndipo nilipopoteza siku mbili. Kariakoo umeme ukikatika usiku, tulitaka sahihi zitoke kwenye seva ya akiba tuliyokodi kwa kampuni moja. Nikapakia siri3.pem kwenye mfumo wao, ukajibu kwamba ufunguo ni mbovu. Nikahisi faili limeharibika njiani. Nikalipakia tena, nikalinganisha heshi, ile alama fupi ya utambulisho wa faili, sawasawa. Nikauzalisha ufunguo mwingine, jibu lilelile. Siku ya pili jioni, niko ndani ya mwendokasi kuelekea Kimara, ndipo wazo likanijia niutazame muundo wa faili lenyewe:

openssl pkey -in siri3.pem -traditional | openssl asn1parse | head -3

Namba ya kwanza ndani ya faili la ufunguo wa RSA ni namba ya toleo. Ufunguo wa namba tasa mbili unaandika 0. Wa tatu na kuendelea unaandika 1, ndivyo PKCS #1 inavyoagiza. Maktaba nyingi zimeandikwa na watu waliodhani 0 ndiyo pekee iliyopo. Zikiona 1 zinafunga mlango, na ujumbe wa kosa hausemi sababu. Kama umekwama hivyo, endesha amri hiyo uangalie kama mstari wa pili unaishia na 01.

Hali hii haielekei kubadilika. Kanuni ya Marekani ya FIPS 186-5, ya mwaka 2023, inatambua namba tasa mbili tu, kwa hiyo vifaa na programu zinazohitaji cheti cha kanuni hiyo zitakukatalia. Waandishi wa Go, lugha ya kuandikia programu, nao walianza mwaka huohuo, kwenye toleo la 1.21, kuwaonya watu wasiitumie tena kazi ya kuzalisha funguo za namba nyingi. Nawaelewa: wao wanamhudumia kila mtu, na kila mtu hahitaji hii.

Ipo njia ya kuilazimisha maktaba inayokataa: kuipa n, e na d peke yake, bila namba tasa. Itasaini, lakini kwa njia ndefu, kazi mara tisa ya ile uliyoikusudia. Sisi tuliiacha. Seva ya akiba tukaipa ufunguo wake mwenyewe, wa namba mbili, na simu za mawakala zikabeba funguo mbili za umma. Ndilo suluhisho ninalolipendekeza: ufunguo wa namba tatu uzaliwe, uishi na ufe kwenye mashine moja unayoimiliki.

Hatua ya 7: Sahihi isitoke kabla haijahakikiwa

Rudi kwenye daftari. Tuseme 4682 ni heshi ya mzigo na 255 ni sahihi yake. Siku moja kompyuta imepata joto chini ya meza, umeme unapanda na kushuka, na fungu la 23 linakosea: badala ya 2 linatoa 5. Mafungu mengine mawili yako sahihi. Shona: 5 − 46 = −41, kwa baki ya 23 ni 5; mara 12 ni 60, baki 14; 46 + 209 × 14 = 2972. Sahihi mbovu, 2972, inachapishwa na kubandikwa kwenye kiroba.

Mtu yeyote anaipiga picha. Anapandisha 2972 kwa kipeo cha 7 kwa baki ya 4807, anapata 293. Anatoa: 4682 − 293 = 4389. Anatafuta KKS ya 4389 na 4807. Jibu ni 209. Anagawa 4807 kwa 209, na ile 23 iko mezani kwake. Karatasi moja mbovu imemvulia nguo mwenye ufunguo. Kosa likigusa mafungu mawili, KKS ingempa ile namba tasa iliyobaki sahihi moja kwa moja.

Boneh, DeMillo na Lipton walilieleza shambulio hili mwaka 1997, na linahusu RSA ya namba mbili pia. Lakini ukiwa na mafungu matatu una mahali patatu pa kukosea. Kinga yake ni rahisi, kwa kuwa kuhakiki ni kazi nyepesi: kabla ya kuchapisha, pandisha sahihi kwa e na ulinganishe. OpenSSL hufanya hivyo yenyewe ndani, na ikikuta tofauti hurudia kwa njia ndefu. Kama unatumia maktaba nyingine, au umeandika yako, ongeza mstari huo leo. Mimi nimeuweka hata juu ya OpenSSL. Muda unaoongezeka hauonekani, na ile kompyuta nimeihamishia ukutani, panapopita hewa.

Neno moja kuhusu kuvuja. Mtu anaweza kujifariji kwamba akiibiwa namba tasa moja kati ya tatu, bado n iliyobaki ni ya biti 2048. Asijifariji. Ufunguo umeshapungukiwa ngome, na ujumbe wowote ambao haukujazwa vizuri na ni mdogo kuliko namba iliyoibwa unafunguliwa kwa namba hiyo peke yake. Moja ikivuja, ufunguo wote ufutwe.

Hatua ya 8: Hamia taratibu

Ingiza namba ya ufunguo kwenye kila karatasi, tarakimu moja inatosha, ili simu ijue ihakiki kwa ufunguo upi. Tuma umma3.pem kwenye simu zote kwanza. Subiri hadi wakala wa mwisho athibitishe ameupata, hata kama ni yule wa Kigoma anayepata mtandao akienda mjini. Ndipo ubadilishe upande wa kusaini. Ufunguo wa umma wa zamani usiufute kwenye simu: viroba vilivyoondoka Mbezi jana bado viko njiani na karatasi za zamani, na wakala atakayevipokea ana haki ya kuzihakiki. Sisi tuliuacha mpaka mzigo wa mwisho ulipokabidhiwa, ndipo nikafuta ule wa siri kwenye kompyuta na kwenye nakala yake ya akiba, mama mwenye duka akiwa amesimama pembeni akishuhudia.